Mjadala: Mwani uzamishwe kilindini tulipwe hela ya hewa ukaa, mnasemaje wana Kusini (Mtwara na Lindi)?

Mwana_Mikindani: Wadau, wazo hili linazungumzwa duniani: mwani upelekwe mbali, uzamishwe, kaboni yake (hewa ukaa ulioinyonya ukikua) ibaki chini, mkulima alipwe. Bei ya mwani huku kila mtu anaijua, mimi naunga mkono. Kule chini hakuna oksijeni, kitu hakiozi. Mwaka 2018 Bahari Nyeusi wametangaza meli ya Wagiriki ya kama miaka 2,400, mlingoti bado umesimama. Ubao huo, sembuse mwani! Shida akina mama wetu wanaishia maji ya magotini, kilindi hawakijui, watalikataa.

Kilindi_Baridi: Mkuu, umechanganya bahari. Bahari Nyeusi juu ina maji mepesi ya mito, chini maji mazito ya chumvi, hayachanganyiki. Ukipita mita 200 hivi oksijeni imekwisha. Kwetu maji ya kilindini yalizama kule Antaktika yakiwa na oksijeni yake. Palipopungukiwa sana ni maji ya kati ya Bahari ya Arabu, mbele ya Omani, kuanzia mita 150 mpaka kama 1,000. Pale viumbe vinavyokula mabaki ni vichache, bakteria wanatumia naitreti (chumvi ya naitrojeni iliyomo majini) badala ya oksijeni, kwa hiyo mabaki mengi zaidi yanapita kwenda chini bila kuliwa. Zamisha mwani hapa Mtwara, mbele ya Msimbati, uone: utaliwa, na anayeula anamaliza oksijeni ya hapo, kaboni inarudi majini.

Binti_wa_Naumbu: Magotini? Mwana Mikindani, bamvua (maji makubwa) likitoka saa nne asubuhi njoo ufunge tai-tai, vile vikamba vya kufungia mwani, na sisi mpaka maji yarudi kifuani, ndipo useme nani haijui bahari. Hiyo oksijeni tunaijua kwa miguu. Kaskazi na joto lake, mwani ukikatika ukarundikana kwenye kidimbwi, baada ya siku chache kanyaga hapo: mchanga juu mweupe, chini mweusi tii, unanuka yai viza, na kaa wote wamehama. Kidimbwi kimoja tu hicho. Nyie mnataka kumwaga matani.

Ndugu_wa_Likongo: Dada kasema kweli. Na kila likija jambo la kilindi tunaambiwa Kusini itanufaika. Mmesahau 2013? Watu waliumia Mtwara wakipinga gesi yetu kupelekwa Dar kwa bomba, na 2015 bomba likafika Dar.

Mwana_Mikindani: Gesi imeingiaje kwenye mwani? Usivuruge uzi.

Kilindi_Baridi: Inaingia. Gesi asilia imetokana na mabaki ya viumbe na mimea yaliyofukiwa topeni kabla oksijeni haijayamaliza, kisha yakakandamizwa mamilioni ya miaka. Na yanayofika huko ni machache mno. Katika yote yanayokua juu ya bahari, kama asilimia 1 tu ndiyo inagusa sakafu ya kilindi.

Ndugu_wa_Likongo: Asante. Hicho kidogo kilichofukiwa ndicho kilichouzwa, na kiwanda cha kuchakata gesi hapa Likong'o, Lindi, bado tunakisubiri. Leo tena tufukie wenyewe?

Babu_Nahodha: Wajukuu, msigombane. Mwaka 2003 pale Songo Mnara, kisiwa cha Kilwa, jarife (wavu wa papa) lilipandisha silikanti, samaki ambaye wataalamu waliwahi kudhani ametoweka tangu enzi za dinosauri. Anaishi kwenye bahari hii hii mnayotaka kuijaza mwani, na anahitaji oksijeni. Oksijeni ya bahari zote imeshashuka kama asilimia 2 tangu miaka ya 1960. Mimi siungi mkono.

Mwana_Mikindani: Shikamoo babu. Silikanti hanilishi watoto. Na akina mama sikuwadharau, nimesema kilindi kinataka boti kubwa na mwenye boti ana gharama zake.

Binti_wa_Naumbu: Sasa tumefika penyewe. Boti ya nani? Kamba tunanunua sisi, mbegu tunabeba kichwani sisi, kwenye chanja tunageuza sisi. Hiyo hela ya hewa ukaa itaandikwa jina la kikundi au la mwenye boti?

Mwana_Mikindani: Watagawana, mkataba utasema.

Binti_wa_Naumbu: Mkataba ulioandikwa na nani? Ujibu hilo kwanza, mambo ya Wagiriki baadaye.