Hita ya infraredi inamaliza tokeni na sebule haipati joto: nifanyeje?

Binti wa Mvita, Donholm

Hamjambo wapendwa. Mama yangu amekuja kutoka Mombasa kukaa nasi hadi mwisho wa Agosti, na baridi hii ya Julai imemlemea kiasi kwamba hata akijifunika leso mbili na blanketi bado magoti yanamuuma. Nimemnunulia hita ndogo ya infraredi yenye mirija miwili, ambayo hutumia wati 1,500 mirija yote ikiwaka. Tumeiweka kwenye kona ya sebule na huwashwa kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa nne usiku, lakini joto halienei na tokeni zinakwisha upesi. Je, ninunue hita ya pili, au kuna namna bora ya kuitumia hii? Jiko la makaa sitaki kulirudia ndani ya nyumba.

Fundi wa Umoja

Dada, usinunue hita ya pili. Hiyo uliyo nayo inatosha, ila imepewa kazi isiyo yake. Hita ya infraredi haianzi kwa kupasha hewa. Hutoa miale inayokwenda moja kwa moja hadi ikutane na kitu, iwe ni ngozi, nguo au ukuta, na hapo ndipo miale hiyo hugeuka kuwa joto. Ni kama kuota jua asubuhi ya Julai: hewa ni baridi, lakini upande uliolielekea jua unapata joto, na ukiingia kivulini joto linakwisha papo hapo. Kwa hiyo hita yako inapasha vigae na mgongo wa sofa, huku Mama akipata masalio.

Isogeze hadi iwe kati ya mita moja na mita moja na nusu kutoka alipoketi, pasiwe na meza katikati, kisha uielekeze magotini. Katika umbali huo mrija mmoja, yaani wati 750, mara nyingi humtosha mtu mmoja. Yuniti moja ya tokeni ni kilowati moja iliyotumika kwa saa nzima, hivyo wati 1,500 kwa saa nne ni yuniti 6 kila jioni, au 180 kwa siku 30. Mrija mmoja utatumia 90. Tofauti hiyo ina uzito zaidi kwa sababu tangu 2023 bei ya umeme wa nyumbani ina ngazi tatu, zinazotenganishwa na yuniti 30 na yuniti 100 kwa mwezi, na ngazi yako hupangwa kwa wastani wa miezi mitatu. Ukitumia sana Julai na Agosti, unaweza kuendelea kulipa bei ya juu hata baridi ikiwa imekwisha.

Wauzaji wakikwambia kwamba infraredi hula umeme kidogo kuliko hita nyingine, usiwasadiki. Wati 1,500 ni zile zile, iwe hita ni ya feni au ya mafuta. Faida ya hii ni kumpasha mtu bila kugharimia chumba kizima.

Mama wa Lang'ata

Nakubaliana na fundi, nami naongeza habari ya sakafu. Mtandikie Mama zulia chini ya miguu, maana vigae vinanyonya joto la nyayo, na ufunge mapazia mazito kabla giza halijaingia. Kama ana kisukari, ikague ngozi ya miguu yake kila jioni, kwa kuwa huenda asihisi joto linapozidi. Umefanya vyema kuliacha jiko la makaa, kwani kaboni monoksidi haina rangi wala harufu, na imeua watu waliofunga madirisha ili wasipigwe na baridi.

Binti wa Mvita, Donholm

Ahsanteni sana. Jana tuliwasha mrija mmoja mbele ya kiti chake, na baada ya muda yeye mwenyewe akaomba isogezwe nyuma kidogo. Sasa, waya wake ni mfupi. Naweza kutumia ekstensheni? Na je, iachwe ikiwaka chumbani mwake usiku?

Fundi wa Umoja

Ni afadhali usogeze kiti karibu na soketi. Wati 1,500 kwa volti 240 huvuta zaidi ya amperi 6, na ekstensheni ya waya mwembamba hupata moto, hasa ikiwa imeviringishwa au imefichwa chini ya zulia. Ikiwa huna budi, tafuta yenye waya mnene na fyuzi ya amperi 13, uikunjue yote, na usichomeke kitu kingine hapo. Ukiona plagi imebadilika rangi au unasikia harufu ya plastiki, zima ukutani na usiitumie soketi hiyo hadi ikaguliwe.

Usiku isiachwe ikiwaka mtu akiwa amelala. Iwashe kwa dakika 20 wakati anabadilisha nguo, uizime, kisha umpe chupa ya mpira ya maji ya moto iliyofungwa kwa taulo. Muda huo wote neti ya mbu iwe imefungwa juu, kwa sababu ikining'inia mbele ya mirija inaweza kushika moto kwa haraka sana.