MJADALA: Kunyimwa dhamana kwenye makosa makubwa, rufaa inasaidia?

Mleta mada, Mtwara mjini
Wadau wa Kusini, msimamo wangu ni kwamba kila aliyekosa dhamana, hata kwa shtaka la mauaji, jaji apime sababu zake. Sasa hivi ndugu za mahabusu wa gereza la Lilungu wanaambiwa "kateni rufaa", wanachangishana hela ya wakili, na shauri linaishia siku ya kwanza. Tatizo ni kwamba kunyimwa dhamana na hakimu na kufungiwa dhamana na sheria yenyewe si kitu kimoja. Hakimu akikataa kwa sababu anaona mshtakiwa atatoroka, huo ni uamuzi, unakatiwa rufaa Mahakama Kuu. Lakini kwa mauaji, uhaini, ugaidi, unyang'anyi wa kutumia silaha au utakatishaji fedha, kifungu ambacho wengi tunakijua kama 148(5) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kimeshafunga mlango. Jaji naye hana pa kupita: 148(3) inayompa uwezo wa kutoa dhamana imeuweka uwezo huo chini ya (4) na (5).

Lindi
Mkuu, hilo lilishaamuliwa. Mei 2020 Mahakama Kuu ilisema 148(5) inakiuka Katiba, Agosti mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikatengua. Na mimi naona ni sawa. Mtu akituhumiwa kuua huko Liwale, mashahidi ni majirani zake wanaochota maji kisima kimoja. Akirudi kijijini wiki ileile, nani atasimama kizimbani kumtaja? Yeye mwenyewe atalala salama?

Mleta mada
Hofu hiyo ni ya kweli, ila dawa yake ipo tayari. 148(5)(d) inaruhusu kumzuia mtu kwa usalama wake, na hapo hakimu lazima aelezwe hatari yenyewe. Orodha ya makosa haiulizi chochote. Mwaka 2018 Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba hati ya DPP (Mkurugenzi wa Mashtaka) ya kuzuia dhamana chini ya 148(4) ni kinyume cha Katiba, kwa kuwa upande mmoja ulikuwa unaamua peke yake. Sasa chukua viongozi wa AMCOS, vyama vya ushirika vya wakulima, wanaodaiwa kupoteza fedha za korosho. Mwendesha mashtaka akiongeza shtaka moja tu la utakatishaji fedha, dhamana imekufa. Ufunguo bado uko mkononi mwa upande uleule!

Masasi
Wakati mnabishana, watu wanakwama kwenye makaratasi. Uamuzi ukitoka, omba nakala yake na mwenendo wa shauri siku hiyohiyo. Kwa uhujumu uchumi angalia kwanza thamani ya mali inayohusika: ikifika milioni 300, mahakama ya chini haina mamlaka ya dhamana, hivyo unapeleka maombi Mahakama Kuu Kanda ya Mtwara, si rufaa. Ambatisha hati ya mashtaka. Hati ya kiapo, yaani maelezo ya maandishi yaliyoapwa, ndiyo inayoua maombi mengi: mwapaji anasimulia ya kuambiwa bila kumtaja aliyemwambia, wakili anajaza hoja za sheria, au kamishna wa viapo hakuandika mahali na tarehe. Pingamizi moja tu, maombi yanaondolewa. Yakiondolewa kwa kasoro ya namna hiyo unaweza kuyaleta upya, msikate tamaa.

Halafu lipo sharti la kuweka mahakamani nusu ya thamani ya mali hiyo ili kupata dhamana. Washtakiwa wanne kwa pamoja, milioni 400: nusu ni 200, inagawanywa, kila mmoja 50. Wapo wanaodaiwa 200 kila mtu na wanakaa kimya! Hiyo ipelekeni kwa jaji ipunguzwe. Wala si lazima fedha taslimu. Mali isiyohamishika inakubalika, na kama hakuna hatimiliki, sheria inaruhusu ushahidi mwingine utakaoiridhisha mahakama. Mwenye shamba la mikorosho asirudi nyumbani kwa kuambiwa "leta hati" tu.

Lindi
Kwenye utakatishaji fedha umenishawishi, kwenye mauaji bado. Ila watu wajue rufaa inakula muda hata pale inaposhinda. Freeman Mbowe, aliyekuwa mwenyekiti wa CHADEMA, na Esther Matiko, aliyekuwa mbunge wa chama hicho, walifutiwa dhamana tarehe 23 Novemba 2018. Walikata rufaa Mahakama Kuu, Jamhuri ikaenda Mahakama ya Rufani, ikashindwa tarehe 1 Machi 2019, wakatoka tarehe 7. Siku 104, nao walikuwa na mawakili wazoefu Dar es Salaam.

Mleta mada
Na wa Liwale, ambaye ndugu zake wanaifuata Mahakama Kuu Mtwara kwa basi, tumhesabie siku ngapi?