DT 125 ya mzee inanimaliza pesa, niendelee?

Wadau wa Kisumu, nilipanga 15,000 tu kufufua pikipiki ya Yamaha DT aliyoniachia baba, saa hii niko 62,000 na haijawaka hata siku moja, fundi amefungua injini akapata pistoni imekwaruzwa na silinda imeliwa, sasa anataka silinda nzima.

— Pole ndugu. Hiyo ni tustroki (injini ya mipigo miwili), oili inachomeka pamoja na petroli, pampu ya oili ikikwama pistoni inaungua. Usinunue silinda, ichongwe upya uweke pistoni ya ovasaizi, yaani kubwa kidogo. Na uangalie hiyo pampu kwanza!

— Logibuku, ile hati ya umiliki, iko kwa jina lako? Mimi nilipaka rangi kwanza kabla ya kubadilisha jina, nikajuta sana.

— Bado ni ya mzee, naanza hapo. Lakini siuzi, raba ya hendeli bado ina alama ya vidole vyake.