Barua inasema nimeacha kazi kwa hiari: je, fao la upotevu wa ajira NSSF (Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, Tanzania) nitalipwa?

Muulizaji: Ndugu wanajamvi, nilipunguzwa kazini, lakini barua ya mwajiri inadai kuwa niliacha kazi kwa hiari yangu. Nifanyeje?

Jibu: Pole sana, ndugu. Aliyeacha kazi kwa hiari hastahili fao hilo, kwa hiyo kikwazo chako ni hiyo barua. Shauri la kuachishwa kazi isivyo halali hufunguliwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, nazo si za kuchezea.

Jibu: Barua ikirekebishwa, na ikiwa umechangia angalau miezi 18, utalipwa asilimia 33.3 ya mshahara kila mwezi kwa miezi isiyozidi sita.

Muulizaji: Nimechangia miezi 14 tu.

Jibu: Basi utastahili nusu ya michango yako mwenyewe.