Tupeane uzoefu: samaki wa maji baridi mwenye meno aliyewahi kukutoa jasho

Mwana wa Dunda: Wakuu salaam. Juzi hapa Bagamoyo kijana kashusha ndoo ya samaki wa Ruvu, wote anawauza kwa jina la kambare. Nachungulia, nusu yao kitoga! Kumwambia, akanijia juu. Jamani, kambare pezi lake la mgongoni ni moja, refu, linakwenda hadi karibu na mkia, na mkia wenyewe wa duara. Kitoga lile la mbele fupi, halafu nyuma yake lipo jingine la nyama tupu lisilo na miiba, na mkia umegawanyika. Ndevu wote wanazo, kwa hiyo msiangalie ndevu. Basi nikaanza kuwakumbuka wala wenzao wote walionisumbua mitoni. Leteni visa vyenu: ulimpata wapi, ulimjuaje, alikufanya nini. Habari za bahari leo tuziache.

Mzee wa Makorora: Kitoga mtamu kuliko kambare. Nimemaliza.

Binti Korogwe: Umenikumbusha marehemu baba. Alikuwa akitega migono mto Pangani. Asubuhi moja kainua mgono, ndani kuna kitu kirefu kinajisokota, kinanipita kiuno. Kaka yangu mbio kufuata panga, "nyoka!" Baba akamshika mkono, akatuonyesha vipezi viwili nyuma ya kichwa na tundu la shavu, kisha akapitisha kidole mgongoni: pezi linazunguka mkia mzima na kurudi tumboni. Mkunga wa mtoni huyo. Kumshika sasa! Ute mtupu, anakuponyoka huku unamwona. Mama akamwagia majivu ndipo akatulia. Majirani waligoma kumla, wakatuonea huruma. Wee, tulikula mpaka kesho yake.

Kipwani: Mie nyoka ni nyoka, hata umvike mapezi.

Mwalimu Mstaafu: Kipwani, acha. Mkunga huyo anazaliwa baharini, anapanda mto akiwa mdogo mwembamba, mwili unaona hadi upande wa pili. Anakulia huko juu miaka mingi, akipevuka anarudi baharini kuzaa. Sasa piga picha anafika Hale anakutana na bwawa la umeme la tangu 1964. Na damu yake mbichi ni sumu, msije mkaionja kwa sifa. Akiiva hana neno.

Kipwani: Umeona? Ana na sumu.

Barabara ya 12: Mie mada hii imenigusa penyewe. Nilisoma Finland, mji wa Järvenpää, upo ukingoni mwa ziwa Tuusulanjärvi. Nchi ile ina maziwa zaidi ya 180,000 ukihesabu na madogo, na hili letu kina chake cha wastani ni mita 3 na kidogo tu. Matete yanaingia mbali, na ndani ya matete ndiko anakovizia samaki wao mmoja, hauki. Mtu wa Tanga ukimwona utasema mzia kapotea njia: mwili mrefu, mdomo bapa, meno yameelekea kooni, kikiingia kitu hakitoki. Ila mzia ana mapezi mawili mgongoni, yameachana. Huyu analo moja, limesukumwa nyuma kabisa karibu na mkia, na ubavu wa kijani una madoa yaliyopauka.

Mwezi wa kumi, baridi ya kukata masikio. Nipo kwenye kiboti cha makasia na Msambaa mmoja wa Lushoto. Baridi haimtishi, lakini ndoano hajapata kuishika. Mbele ya mshipi tumefunga kipande cha waya, maana bila waya hauki anakata na kwenda zake. Chambo ni kisamaki cha bati chenye ndoano mbili za pembe tatu, moja tumboni, moja mkiani. Msambaa akatupa pembeni mwa matete, ikakwama. Ananiambia gogo. Gogo likaanza kutembea.

Tukamvuta hadi ndani ya boti, samaki katulia tuli. Hapo ndipo anapokuweza. Msambaa akainama kumtoa chambo kwa mkono mtupu, hauki akajikung'uta mara moja, ndoano iliyokuwa nje ikazama kwenye gumba la Msambaa. Elewa hali ilivyo: ndoano ya tumboni imeshika taya la samaki, ya mkiani imeshika gumba la mtu, na samaki wa kilo sita hivi bado ana nguvu zake zote. Akijipiga kulia, Msambaa yupo kulia. Akijipiga kushoto, anafuata. Anamwita mama yake kwa Kisambaa, boti inalala ubavu, maji yanaingia, na maji yale ukitumbukia na makoti na viatu vya mpira huna muda mrefu. Nikavua koti, nikamfunika samaki kichwa, nikamlalia mzima mzima. Ndipo nikapata nafasi ya kukata ndoano kwa koleo.

Binti Korogwe: Maskini! Gumba likaponaje?

Mzee wa Makorora: Na samaki je?

Barabara ya 12: Gumba daktari alisukuma ncha itokeze upande wa pili, akakata kile kijimwiba kinachorudi nyuma, akaitoa kwa njia iliyoingilia. Samaki tulimpika kwa nazi ya kopo. Mtamu, ila miba yake ina panda, ule polepole.

Nesi Chumbageni: Na sindano ya pepopunda, msisahau.

Kipwani: Kusukuma nini! Funga uzi kwenye mpindo wa ndoano, kandamiza shingo yake chini, vuta ghafla. Sisi ndivyo tutoavyo.

Nesi Chumbageni: Ikiwa karibu na jicho pia utavuta ghafla?

Mjukuu wa Ukerewe: Nipo Tanga kikazi. Hao wa Ulaya watoto, njooni muone sangara.

Mwalimu Mstaafu: Sangara naye mgeni hapo Victoria, alipandikizwa miaka ya 1950.

Mjukuu wa Ukerewe: Haya, kamongo basi, yule mwenyeji. Anapumua hewa kwa mapafu, utamkuta kwenye mtumbwi saa nyingi bado hai. Mapezi yake membamba, yananing'inia tu. Anang'ata na haachii. Ukiingiza mkono gizani kwenye mtumbwi bila kuuliza, shauri yako.

Mtoto wa Wami: Mada ya Ruvu imeshapanda ndege. Wengine mnatafuta tu pa kusemea mlisoma nje.

Mwana wa Dunda: Mwacheni amalizie. Mkuu, huko samaki wenye meno ni huyo mmoja tu?

Barabara ya 12: Wapo. Kuha, macho yake yanang'aa gizani, ana mapezi mawili mgongoni, la kwanza lote miiba, na meno machache marefu mbele. Ahven mdogo zaidi, mistari myeusi ubavuni, mapezi ya chini mekundu, naye anachoma. Hauki ukitaka kumshika, pitisha vidole chini ya kifuniko cha shavu bila kugusa ile nyekundu ya ndani, inachana ngozi.

Msabato wa Pongwe: Kambare, kitoga, mkunga, kamongo. Wote hawana magamba ya kueleweka, mie simo. Huyo hauki magamba anayo?

Barabara ya 12: Anayo, madogo.

Msabato wa Pongwe: Basi huyo nileteeni.

Kipwani: Barabara ya 12, koleo lako la duka gani? Hili nililonunua hapa mjini limepinda kwenye waya wa banda la kuku.