Ombi la dhamana likirudi mara ya pili, liende kwa jaji yule yule?

Wadau, naleta hoja hii kwa sababu inagusa uhuru wa watu ambao bado hawajatiwa hatiani. Mtu ameomba dhamana, jaji amekataa. Baadaye anaomba tena. Ombi hilo lipelekwe kwa jaji aliyelikataa au kwa yeyote aliye zamu? Na kesi ikiwa na washtakiwa sita, kila mmoja na wakili wake, maombi yao yasikilizwe na jaji mmoja au yagawanywe?

India wamelumbana juu ya hili kwa miongo. Mwaka 1987, katika kesi ya Shahzad Hasan Khan, Mahakama ya Juu ilitengua dhamana iliyotolewa na jaji mwingine ilhali yule aliyeshughulikia maombi ya awali alikuwepo na angeweza kulisikiliza hilo jipya. Mwaka 1989 ikaja ya Buddhikota Subha Rao, kapteni mstaafu wa jeshi la majini. Jaji mmoja wa Mahakama Kuu ya Bombay alimnyima dhamana. Siku mbili baadaye jaji mwenzake akampa. Mahakama ya Juu ikaona hakuna jambo kubwa lililobadilika ndani ya siku hizo mbili, ikaitengua. Mwaka 2023 ikaenda mbele zaidi: maombi yote yanayotokana na jalada moja la polisi yapelekwe kwa jaji mmoja, maana washtakiwa wa tukio moja walikuwa wakipata amri zinazopingana kutoka kwa majaji tofauti.

Msingi wa kanuni hii naukubali kwa moyo wote. Bila hiyo, wakili mwenye mteja tajiri ataondoa ombi leo na kulirudisha zamu ikibadilika, mpaka aangukie kwa jaji mwepesi. Maskini ana ombi moja tu, likikataliwa anabaki rumande. Halafu jaji aliyekwisha kusoma jalada anajua nani anadaiwa kushika panga na nani alitajwa kwa jina tu.

Ila tusifumbe macho, kanuni hii ina gharama, na anayeilipa ni mahabusu. Jaji akienda likizo, akihamishiwa kesi za madai au akipangwa kwenye jopo, jalada linakaa masjala likimsubiri. India kwenyewe iliwafika, hadi Mahakama ya Juu ikafafanua kwamba zamu ikibadilika na jaji yule hasikilizi tena dhamana, ombi liende kwa mwingine, naye auzingatie kwa uzito uamuzi wa mwenzake. Ufafanuzi huo kwangu ndio wa maana kuliko amri yenyewe.

Msimamo wangu ni huu: kanuni ibaki, lakini iwekewe saa. Jaji wa awali asipopatikana ndani ya siku chache zilizotajwa kwenye kanuni, masjala ihamishe jalada bila kuombwa na iandike sababu. Kinachozuia ujanja wa kuwinda jaji ni kulazimisha kila ombi liseme juu kabisa kwamba ni la kwanza, la pili au la tatu, na amri zote za nyuma ziambatishwe. Anayeficha, ombi lake litupwe. Hapo hata jaji mgeni hadanganyiki.

Washtakiwa wenza nawaweka kando kidogo. Jaji mmoja kwao ni sawa, lakini kuna mchezo mawakili wanaujua: wanamtanguliza yule mwenye ushahidi hafifu, akipata dhamana wengine wanaingia nyuma yake wakidai usawa. Jaji mmoja akishika jalada lote anauona mchezo huo upesi. Hatari ni kwamba anaweza pia kumkasirikia mmoja akawabebesha wote.

Wapo watakaosema jaji aliyekwisha kukataa hawezi kubadili mawazo, kwa hiyo kumrudishia ni kupoteza muda. Siikubali hoja hiyo moja kwa moja. Upelelezi ukikamilika, hati ya mashtaka ikifunguliwa au mtu akikaa ndani muda mrefu bila kesi kuanza, hali imebadilika, na jaji makini huliona hilo. Asipoliona, rufaa ipo.

Mawakili na makarani wa masjala mliomo humu, nisahihisheni hapa: siku chache ziwe ngapi? Mimi nasema tano za kazi. Na nani awajibike zikipita jalada bado halijaguswa?