Simu za kuulizwa nitampa nani ugavana

6 Oktoba 2025
Ndugu zangu wa New Jersey, salamu. Nimepata uraia mwezi wa tano, hii itakuwa kura yangu ya kwanza. Jana jioni niko jikoni, simu ikalia: mama mmoja anauliza nitampa nani kati ya Mikie Sherrill wa Democrat na Jack Ciattarelli wa Republican, kisha kama mimi ni Democrat, Republican au sina chama. Nikakata. Simu hizi zina madhara? Na kwenye fomu ya kujiandikisha nilijaza chama, je, nimeshajifunga?

7 Oktoba
Dada, hongera sana kwa uraia. Hujajifunga. Chama ulichojaza kinahusu kura za mchujo za Juni tu, zile za chama kumchagua mgombea wake. Novemba unampa umtakaye, na kura ni siri. Ila chama chako kimo kwenye daftari ambalo wagombea hulipata, ndiyo maana watakupigia na kukubishia hodi.

Simu hizo ni utafiti wa maoni, na mimi ningejibu. Watu wetu tunakata kila namba tusiyoijua, basi maoni yetu hayamo, halafu tunalalamika hakuna mgombea anayetujali. Akikuomba namba ya Social Security (ile ya utambulisho wa serikali) au ya kadi ya benki, hapo kata, huyo si mtafiti.

Lakini asilimia za tafiti hizi usizilalie. Mwaka 2021 waliojiandikisha Democrat waliwazidi Republican kwa zaidi ya milioni moja jimboni, na utafiti wa mwisho wa Chuo Kikuu cha Monmouth ulimweka gavana Phil Murphy wa Democrat mbele kwa pointi 11 za asilimia. Alimshinda huyuhuyu Ciattarelli kwa pointi kama tatu, kura 84,000 hivi. Patrick Murray aliyeongoza utafiti ule akaomba radhi hadharani. Wasio na chama hapa ni zaidi ya milioni mbili, nao wakiegemea upande mmoja hesabu yote inapinduka. Tena yupo anayemwambia mtafiti atapiga kura, siku ikifika yuko zamu kazini.

Mwisho wa kujiandikisha ni tarehe 14. Waambieni na wengine.

7 Oktoba, usiku
Naongezea kwa wenye grini kadi, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu bila uraia: kujibu utafiti hakukatazwi, kujiandikisha ndiko hatari. Nilipokwenda kubadilisha leseni, swali la daftari la wapiga kura lilitokea katikati ya maswali mengine, foleni nyuma yangu ndefu, kidole nusura kiguse "ndiyo". Nawasihi, someni kila mstari. Asiye raia akipiga kura anaweza kufukuzwa nchini, watoto wakabaki.

5 Novemba
Asanteni nyote. Nilipiga kura ya mapema Jumapili. Sherrill ameshinda kwa zaidi ya pointi 13, na tafiti nyingi zilimpa chini ya kumi. Safari hii zimekosea kwa upande mwingine. Wiki iliyopita walinipigia tena, nikajibu yote. Alipouliza lugha tunayoongea nyumbani nikasema Kiswahili, akaniomba nimtajie herufi mojamoja aandike.